Fundi Cheche na Saumu ya Siku ya Kumi na Mbili

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum. Na wewe uliyeko jikoni, punguza moto kidogo utusikilize, chakula hakitakukimbia. Jioni hii tunamkumbuka mtu mmoja tu. Tunamkumbuka Fundi Cheche.

Fundi Cheche alifariki Alhamisi iliyopita. Ilikuwa siku ya tatu ya Ramadhani, saa nane mchana, kitandani hospitalini. Alikuwa na miaka sitini na minne. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma: mageti, madirisha, makenchi ya paa. Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi. Fundi Cheche, mchomeleaji, hatunaye tena.

Cheche si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na mafundi wenzake, na hawakuwa na maana ya cheche za mashine. Walikuwa na maana ya ulimi. Mtu akikata chuma kikapungua hata nusu inchi, alikuwa anasemwa yeye, kisha aliyemfundisha, kisha aliyemzaa. Wateja walikuwa na msemo wao: ukitaka geti la kudumu nenda kwa Cheche, ila ziba masikio.

Binti yake wa pekee, ambaye ni mshonaji, ametusimulia mengi ya maisha ya baba yake. Tulipomuuliza tuyaseme yapi na tuyaache yapi, alijibu hivi: "Yasemeni yote. Baba mwenyewe hakutaka yafichwe."

Basi tunayasema.

Fundi Cheche alikuwa mfungaji. Tangu akiwa na miaka tisa hakuwahi kula mchana wa Ramadhani hata siku moja, na hilo alimwambia kila mtu, aulizwe asiulizwe. Alifunga mbele ya moto. Karakana yake ilikuwa na paa la mabati na dirisha moja tu, na ikifika saa nane mchana humo ndani mlikuwa tanuri. Jasho lilimtiririka chini ya kinyago cha kuchomelea, midomo ikampasuka, naye hakupunguza kazi. Ila alikuwa akizunguka kutazama nani amelegea. Akimwona fundi ameegemea ukuta, alimwuliza kwa sauti ya kusikika barabarani, "Wewe umefunga au umefungwa?" Watu wakacheka. Yule aliyeegemea ukuta akasimama wima kwa aibu.

Kwake yeye saumu ilikuwa ubabe. Njaa ni adui, unapigana naye, na anayeshindwa ni mlegevu.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, Fundi Cheche alikuwa na mdogo wake, baba mmoja mama mmoja. Walifanya kazi pamoja. Cheche alimwita "Dogo", ingawa Dogo alimzidi kimo kwa kichwa kizima. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuimba peke yake akipima vyuma. Alikuwa na mke, na ndoa yao ilikuwa na miaka minne. Cheche alimpenda Dogo kuliko mtu yeyote duniani. Binti yake anasema hivyo, na shemeji yake anasema hivyo. Shikeni hilo.

Miaka kumi na moja iliyopita, siku ya kumi na mbili ya Ramadhani, ndugu hawa wawili walikuwa wanapandisha makenchi ya ghala la shule. Dogo alifika kazini macho mekundu. Alikuwa na homa tangu jana yake. Saa tano akakaa chini. Saa saba akakaa tena. Ilipogonga saa tisa alasiri alimfuata kaka yake chini ya jukwaa la mbao.

"Kaka, sijisikii vizuri. Kichwa kinazunguka. Naona ninywe maji, nikajilaze kidogo. Siku hii nitailipa."

Cheche alikuwa ameshika kijiti cha kuchomelea. Kiu ilikuwa imembana, kazi imechelewa, na mafundi wawili walikuwa wanasikiliza. Akasema, "Homa, au homa ya njaa? Watoto wa darasa la tatu wanafunga. Wewe lijitu zima, futi sita, unalilia maji saa tisa! Basi kunywa. Kunywa hapa hapa, sote tukuone."

Mafundi wale wawili wakacheka. Dogo hakunywa. Alitazama chini, akavaa glavu zake, akapanda.

Hakukaa juu hata robo saa. Cheche alisikia kitu kikigonga jukwaa, kisha kikigonga sakafu. Alipofika, Dogo alikuwa amelala ubavu, glavu bado mkononi, macho wazi. Alipumua mara chache. Kabla ya gari kupatikana, alikuwa amekata roho.

Alizikwa kesho yake mchana. Cheche aliingia kaburini kumpokea mdogo wake kwa mikono yake. Jioni ile watu walimletea tende na bilauri ya maji afuturu. Aliitazama ile bilauri mpaka waliokuwa naye wakaanza kutazamana. Binti yake, aliyekuwa na miaka kumi na minane, alimwambia, "Baba, adhana imeshatoka." Akajibu, "Nimeisikia." Hakuinua mkono.

Siku ya nne baada ya mazishi alikwenda kwa imamu baada ya sala ya alasiri, msikiti ulipokuwa umebaki mtupu. Binti yake anasema baba alimsimulia mazungumzo haya mara nyingi, neno kwa neno.

"Imamu," alisema Cheche, "saumu yangu ya siku ya kumi na mbili ipo, au haipo?"

Imamu akamwuliza, "Tunafunga kwa nini, fundi?"

"Tuonje njaa ya maskini."

"Njaa hata paka anaijua. Tunafunga ili moyo uzoee kwamba kuna anayetuona. Uko peke yako chumbani, mtungi wa maji uko pembeni, hakuna mtu, na bado hunywi. Kwa nini? Kwa sababu unajua Yeye yupo. Basi anayekuona ukiacha maji ndiye anayekuona ukifungua kinywa kumwaibisha mwenzako. Ukimwona katika maji na usimwone katika maneno, umefunga nusu ya chini ya mwili."

Imamu akaendelea, taratibu, kwa sababu alikuwa anasema na mtu aliyeumia. "Mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake. Ale, apone, alipe siku nyingine. Hiyo ni rehema, haina aibu ndani yake. Ndugu yako alikuja kuichukua rehema yake, wewe ukasimama mlangoni. Usiniulize habari ya saumu yako. Nenda kwa mjane."

Alikwenda. Ilikuwa jioni, muda mfupi baada ya magharibi. Alipiga hodi. Shemeji yake alifungua mlango nusu, amejifunga nguo ya eda, mkono umeshika komeo.

"Shemeji," Cheche alisema, "nimekuja kuomba…"

Hakumwacha amalize. Akamwuliza, "Umeshafuturu?"

"Bado."

"Nenda kafuturu. Mwenzako hakufuturu."

Akafunga mlango.

Wasikilizaji wapendwa, wako watu ambao wangeishia hapo. Wangesema, nimeomba radhi, amekataa, mzigo ni wake. Cheche hakusema hivyo. Kila mwaka, siku ya mwisho ya Shaabani, kabla mwezi haujaandama, alivaa kanzu safi akaenda kwenye mlango ule. Alipiga hodi. Alisema, "Shemeji, nimekuja." Miaka mingine mlango ulifunguliwa kidogo, ukafungwa. Miaka mingine haukufunguliwa kabisa, akasimama nje kiasi cha kumaliza dua moja, akarudi. Miaka kumi alikwenda. Mara kumi alirudi bila neno.

Na kazini alibadilika. Si kwa siku moja, maana ulimi uliozoea kuuma haung'oki kama jino. Lakini hasira ikipanda alizima mashine, akavua kinyago, akakaa juu ya ndoo akiangalia mikono yake. Vijana wa karakana walitaniana, "Kimya, mzee anajizima." Alisikia, akawaacha. Asubuhi za Ramadhani alimfuata kila fundi mmoja mmoja. Umeamkaje? Umelala? Kichwa? Tumbo? Aliweka mtungi wa maji nyuma ya rafu ya vyuma, kikombe juu yake, akawaambia wote: "Anayeumwa anywe. Asiniombe ruhusa, mimi sina ruhusa ya kutoa. Na atakayemcheka mwenzake, arudi kwao."

Fundi mmoja aliyefanya naye kazi miaka saba alituambia, "Mimi nilimjua Cheche wa pili tu. Walipokuwa wananisimulia wa kwanza, nilidhani wanamsingizia."

Kisha, miaka miwili iliyopita, figo zake zikaanza kushindwa. Daktari alimwambia waziwazi: usifunge tena. Si mwaka huu, si mwaka ujao. Ukikaa na kiu kutwa nzima, unajiua.

Mtu huyu hakulia kwa uchungu wa sindano. Kwa neno hilo alilia. Binti yake alimkuta amekaa kitandani, dawa mkononi, amekataa kuzinywa, na ilikuwa siku ya kwanza ya Ramadhani.

"Miaka hamsini na tatu, mwanangu," alisema. "Leo nile mchana?"

Binti akakaa karibu naye. Anasema aliogopa kusema aliyotaka kusema, lakini akayasema. "Baba, angekuwa Ami Dogo ndiye amekaa hapo, leo ungemwambia nini?"

Mzee akasimama, akachukua fimbo yake, akaenda karakana, na binti yake nyuma. Mafundi waliacha kazi wakamwamkia. Alikwenda kwenye ule mtungi, akachota kikombe, akarudi nacho katikati ya karakana, mbele ya kila mtu. Akasema bismillahi. Akanywa dawa zake, akamaliza kikombe chote.

Mteja mmoja aliyekuwa mlangoni akaguna. "Mzee mzima! Mchana kweupe namna hii?"

Cheche akafuta mdomo. "Naumwa, ndugu yangu," alijibu. "Mola wangu amenipa ruhusa, nami nimeipokea."

Binti yake anasema katika saumu zote za baba yake, anaamini hiyo ya kunywa maji ndiyo iliyomgharimu zaidi. Kujizuia alikujua tangu utoto. Kushushwa mbele za watu ndiko hakukujua. Tangu siku hiyo, kwa kila siku ya Ramadhani ambayo hakufunga, alimlisha mhitaji mmoja, na chakula alikipeleka mwenyewe, akipumzika njiani kila baada ya nyumba tatu.

Mwaka huu, Shaabani ilipokaribia kuisha, alilazwa hospitalini. Siku ya mwisho ya mwezi aliomba apewe kanzu yake. Wauguzi walikataa, na walikuwa na haki, hakuweza hata kukaa bila kushikwa. Alimwambia binti yake, "Niendee." Binti akasema, "Nitakwenda, Baba." Lakini jioni ile hali ya mzee ilibadilika, akaogopa kumwacha. Hakwenda. Anajilaumu hadi leo.

Alhamisi, siku ya tatu ya Ramadhani, saa nane mchana, Fundi Cheche alifariki. Maneno yake ya mwisho yaliyosikika vizuri aliyasema asubuhi, kwa muuguzi aliyekuwa anamrekebishia mto. Alimwuliza, "Umefunga? Unajisikiaje?"

Tulimtafuta shemeji yake. Hatukutegemea atatukubali. Alitukubali. Alitukaribisha ndani, akaketi karibu na mlango, na maneno yake tunayaleta kwenu kama alivyoyasema, kwa idhini yake.

"Mwaka huu nilikuwa nimeamua. Nilichoka. Siku ile ya mwisho ya Shaabani nilifagia uwanja tangu asubuhi, nikaweka kiti. Nilisema akipiga hodi tu, namwambia shemeji pita, ukae, mimi nimesamehe, na Dogo huko aliko kwa Mungu ni mwema, atasamehe. Nikangoja. Magharibi ikafika. Hakuja. Nikasema moyoni, ah, kumbe naye amechoka na mimi! Kiburi kikanishika. Hospitali ni mwendo wa nusu saa. Sikuuliza mtu. Siku tatu, sikuuliza. Nikaja kusikia ameshakufa."

Akaendelea.

"Kila mtu anasema yeye ndiye aliyeharibu saumu. Ni kweli, aliharibu. Lakini mimi je? Ramadhani kumi nzima. Mchana sili, sinywi. Kinyongo tu ndicho sikukinyima kitu, nilikuwa nakilisha kila siku. Nilikwenda nikasimama kwenye jeneza, nikasema nimekusamehe, shemeji. Nikasema mara tatu. Lakini mtu hajibu akiwa kwenye sanda."

Wasikilizaji wapendwa, hatuna la kuongeza juu ya hapo. Kwa binti wa marehemu: pole sana, dada yetu. Baba alikuomba umwendee na wewe ukabaki kumshika mkono, nasi tunaamini hilo pia Mungu ameliona. Kwa shemeji wa marehemu: pole mama, kwa misiba yote miwili. Kwa mafundi wa karakana ile: poleni. Mwenyezi Mungu awarehemu Fundi Cheche na mdogo wake, awakutanishe pasipo na homa wala kiu.

Zimebaki dakika kumi na mbili kabla ya magharibi, na kipindi chetu bado kina dakika tano. Tulikuwa tumeandaa kaswida ya kufungia. Hatutaipiga. Kuna mtu umemfikiria tangu tulipoanza, na jina lake unalijua. Simu iko karibu yako. Tunakuachia dakika hizi tano kimya, umpigie kabla hujafuturu.