Mashine Iliyookota Kuni Ni Mimi

Delphine haendi Dakar! Juzi wamemfungia konti, lile jina lake la kuingilia mchezoni, wakasema mtoto wangu si mtu, ni mashine. Haya, limetoka. Sasa naweza kusalimu kama mtu aliyelelewa.

Mheshimiwa Bugumestre, kiongozi wetu wa Kikula, uliyekubali kiti cha plastiki kama sisi wengine; Padri, uliyetupa ukumbi huu wa parokia bila kuuliza mchezo wenyewe ni wa namna gani; Bwana Prefe, mkuu wa shule, uliyemwambia Delphine akiwa na miaka kumi na minne kwamba michezo ya video itamharibia kichwa, na leo umefunga kravati kwa ajili yake; Baba Lukumani na jamaa yako yote, majirani zetu; wamama wenzangu wa soko; ndugu wageni waalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa bali mlifuata harufu ya samaki: nawasalimu wote. Mlikuja kumuaga binti. Bukari ya mahindi imeiva, samaki wapo, mtakula. Lakini safari ya Jumamosi ijayo, ya fainali za Dakar, imekatwa, na mimi niliyepangiwa maneno mawili ya furaha nitasema mengi ya uchungu. Mnivumilie. Shule niliiachia darasa la sita, ila kusema sikufundishwa na mtu.

Kwa asiyejua, na sijui mtu huyo anaishi wapi, Delphine ni mtoto wangu wa kwanza, ana miaka ishirini na miwili, na katika ule mchezo wa ngome yeye ni wa nne. Si wa nne wa Kikula, jamani, wa nne wa Afrika nzima, pamoja na wale wenye umeme! Unajenga ngome, unalisha farasi, unaokota kuni, halafu unapigana na mtu aliye mbali usiyemwona uso. Mechi za kufuzu alizicheza mwenyewe, mbele ya macho yetu, dukani kwa Baba Lukumani, watu wamejaa mpaka barabarani na grupu la umeme likinguruma nje. Alipomwangusha bingwa wa mwaka jana, Papa Germain, mume wangu, mvunja mawe ya chokaa kule Kakontwe, ambaye hakulia hata jiwe lilipomvunja kidole, siku hiyo alilia. Anakataa, lakini leso niliifua mimi.

Sasa sikieni jinsi hiyo mashine ilivyozaliwa. Kampuni ya ule mchezo haitaki uondoke. Kila siku inakupa kazi: leo kuni mia mbili, kesho farasi, kesho kutwa kuni tena. Usipoingia siku tatu, ngome inabomoka na nafasi yako inashuka. Nani alitunga kanuni hiyo? Ni mtu ambaye kwake umeme haujawahi kukatika. Hapa kwetu umeme unakuja unapotaka wenyewe, na Delphine yuko chuoni. Tungefanya nini? Tulifanya kama tunavyofanya na bomba la maji: yakitoka, aliye karibu anakinga. Umeme ukija, aliye nyumbani anashika maneti ya kuchezea mbele ya televisheni na kubonyeza. Asubuhi kabla ya soko ni mimi. Jioni ni Papa Germain, na vumbi lake la chokaa limebaki kwenye vibonyezo mpaka leo. Mwanvua, binti wa Baba Lukumani, alilisha farasi likizo nzima. Tulikuwa watu kumi na mmoja kwa konti moja, na kuni nilizookota mimi ndani ya ile televisheni zingepika bukari ya mji wote wa Likasi.

Basi kampuni ikachungulia. Ikaona mchezaji asiyelala, asiyekwenda misa, asubuhi anatembea polepole kama mama mnene, mchana anapiga kama radi. Ikasema huyu si mtu. Waheshimiwa, niwaulize: wanataka nini hasa? Ukitoka wanakubomolea nyumba, usipotoka wewe ni mashine! Walituandikia mistari mitatu bila jina la mwandishi. Niliandika kujibu, mimi mwenyewe, Delphine akinitafsiria huku machozi yanamtoka, na kabla sijaweka simu mezani jibu likawa limefika. Hata pumzi mtu hawezi kuvuta kwa muda huo. Kumbe ni mashine yao ndiyo iliyokuwa inatuita sisi mashine.

Delphine ana maneno mengi juu ya biashara hii, nami nimeyashika, maana huyasema akichambua mchele. Anasema siku hizi wanauza mchezo haujaiva. Unanunua, unashusha, mega zako zote za intaneti zinaisha, halafu wanakwambia subiri, kuna kipande kingine, na kanzu ya farasi inauzwa kivyake. Ni kama mimi niwauzie vitumbua vibichi pale sokoni, niwaambie mafuta yatakuja mwezi ujao na sukari ina bei yake. Mngenirudia mara ya pili? Na kompyuta zao kubwa wameziweka Ulaya, hata Delphine akipiga, pigo linafika mwenzake amekwisha kunywa chai. Amekuwa wa nne hivyohivyo.

Lakini kampuni ni kampuni, naijua, inatafuta chake. Wanaoniuma ni mashabiki. Mtoto alipofuzu, badala ya kumpongeza walimwuliza kama anachimba urani kwenye mgodi wa Shinkolobwe. Aliwajibu, "Ninasomea kompyuta, na ngome yako nimeivunja mara mbili." Walimtukana kwa sababu ni mwanamke, wakamtukana kwa sababu umeme ulikatika katikati ya mechi wakasema amekimbia. Juzi konti ilipofungwa wakashangilia. Watu wanaolishwa vibichi kila mwezi, wakilia kila mwezi, leo wanaitetea kampuni kama baba yao mzazi!

Na mmoja wao yuko humu ndani. Pitshou, mtoto wa Mama Arlette, usishuke chini ya meza, nakuona. Uliandika mbele ya dunia nzima, "Fungeni hiyo, ni mashine." Jana nilikuita uani nikakuuliza, "Pitshou, weye ulicheza kwetu Pasaka, ao hapana?" Ukasema, "Mama, minye nililisha farasi tu." Farasi tu! Basi weye pia ni kipande cha hiyo mashine, pengine ndiyo kwato. Chakula utapewa, nakupenda, lakini utakula ukijua.

Sasa jambo lenyewe. Jana amepatikana huko kampuni mtu mwenye jina, Bibi Clotilde. Amekubali kutuita kwa video amwone mwenye konti. Akiridhika, anafungua, na kiti cha Dakar bado ni cha Delphine. Asiporidhika, ni milele, miaka yote minne inafutwa kama ubao. Na mjue kwamba sheria yao inakataza watu wengi kutumia konti moja. Sheria hiyo ilikuwa na kurasa arobaini, na kidole kilichobonyeza "nakubali" kilikuwa changu. Sikusoma hata mstari. Hilo nalibeba mimi, na silali vizuri.

Carlos, mdogo wangu, alikuja akaniambia mimi dada yake, "Yaya, mutoto aseme njo yeye peke yake alicheza, bintu biishe." Nisiwadanganye, moyo wangu ulimkubali. Nani asingetaka? Neno moja tu, na mtoto anapanda ndege. Delphine alikuwa ameinama kwenye sinia ya mchele. Akasema, "Yaani niseme sikulala miaka minne? Hapo ndipo nitakuwa mashine kweli." Akachambua kidogo, halafu akaniangalia. "Kuni zangu njo weye uliokota, mama. Sitakukana juu ya Dakar."

Bwana Prefe, ndicho kichwa ulichosema kitaharibika.

Kwa hiyo tutasema ukweli wote. Pengine huyo Bibi atatufungia kwa huo ukweli, na mimi nitakuwa mama aliyemkosesha mtoto wake Afrika. Nimekubali. Ila hatatufungia bila kutuona. Nataka akifungua picha yake asione msichana mmoja, aone mtaa: Papa Germain na chokaa yake, Mwanvua, mimi mbele kabisa na kitenge changu kipya, na nyuma yetu wote mlioziona zile mechi kwa macho yenu. Mheshimiwa Bugumestre, wewe ulikuwepo ile ya mwisho, ulipiga meza mpaka soda ikamwagika. Ukija na skafu yako ya kazi utatusaidia. Padri, sala fupi. Baba Lukumani, grupu liwe na mafuta, maana umeme ukikatika katikati watasema tumekimbia. Na Pitshou, nitakupitia nyumbani mwenyewe.

Nawashukuru kwa masikio yenu, na kwa kuniacha niseme kwa uchungu mbele ya chakula bila kuninyamazisha. Samaki wasipoe. Mkimaliza kula mwambieni na jirani ambaye hakufika: Bibi atatuita Jumatano hii, saa tisa kamili za mchana, dukani kwa Baba Lukumani.