Nani Atamwamsha Paskazia?

Kwenye basi la Shinyanga nilikaa nyuma ya mama mmoja aliyekuwa akimpeleka binti yake, Paskazia, kwenye bweni la shule yetu. Alipakata ngozi ya ng'ombe. "Ya kulalia," alimwambia bibi aliyekaa kando yake. "Bado anakojoa kitandani. Wakimrudisha, baba yake hamsomeshi tena."

"Mfunge chura kiunoni, ataacha."

"Tulimfunga, mayu, mama yangu. Chura akafa, huyu akaendelea."

"Basi mnyime maji."

"Daktari kakataa. Anywe mchana, usiku aamshwe. Nyumbani namwamsha mimi. Huko nani?"

Paskazia alitazama nje, kama vile anasemwa mtoto mwingine.

"Mimi nitamwamsha." Niliyarudia maneno hayo moyoni mpaka basi likasimama. Nikawasaidia kushusha ngozi, sikusema kitu.