Kioo Juu ya Ufa

Sogeeni, wanangu, na mlango ufungeni. Mama yenu mwacheni akae hapo hapo, kitandani pangu. Leo nataka asikie.

Tangu mwaka juzi mmegawanyika kwa ajili ya nyumba hii. Wewe, mkubwa wangu, unataka ibomolewe yote, mahali pake yainuke maduka. Nawe, binti yangu, unataka ikarabatiwe, bati libadilishwe, kuta zipakwe rangi, kwa sababu, nisikufiche, chumba cha mbele umeshakipimia mapazia. Kila mmoja ananiletea chai na ushauri, nami kabla ya kunywa natazama kwanza mkono ulioileta. Na msinikumbushe kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa methali hiyo nimewalia watu pesa zao maisha yangu yote.

Mimi ni mwashi, siamini maneno. Ule ufa wa ngazini niliubandikia kipande cha kioo kwa saruji, huku na huku ya ufa, kama nilivyofundishwa: nyumba ikisogea, kioo kinapasuka, tunabomoa; kikikaa kizima, tunakarabati. Mwezi haukuisha nikakikuta kimevunjika. Lakini ukuta unaosogea hupasua kioo kwa mstari mmoja, na hiki kilipondeka katikati. Kiligongwa. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, nikabandika kingine. Nacho kikagongwa.

Tangu hapo sikuwaamini tena. Mkubwa, nililipekua gari lako nikitafuta nyundo. Binti, nilidhani unavunja wewe ili nimshuku kaka yako, nikakuombea mabaya. Niliandika hata karatasi ya kuwanyima urithi wote wawili. Ipo chini ya mto huu, itoeni muichane. Nisameheni.

Maana jana mama yenu alikaa hapo mlipokaa, akaniambia, "Ni mimi. Kwa mpini wa ufagio."

Akasema magoti yake yamekwisha mwaka wa sita huu, ngazi ni ishirini na mbili, bomba liko chini na jiko liko juu, na kila akilalamika mimi humjibu kuwa nyumba ni imara, nimeijenga mwenyewe. Akaona nikiamini inaanguka, huenda tukahama. Yeye si mwashi, hakujua kwamba pigo nalitambua. Nami sikumjua mke wangu, niliyelala naye miaka arobaini. Naona aibu, wanangu, naona aibu sana.

Nipeni maji... Basi, yatosha.

Asubuhi hii nimetia saini hati ya nyumba iandikwe kwa jina lake. Kubomoa, kukarabati, kuuza na kumtafutia chumba cha chini kwingine kabisa, ni neno lake. Mkubwa, ulimi wako mwepesi, uzuie. Binti, usimlilie akakuonea huruma. Muulizeni, kisha nyamazeni mpaka ajibu, hata akikawia, hajazoea kuulizwa.

Mungu awape... awape kupatana, na yale niliyowaombea kwa hasira asiyapokee. Radhi yangu mnayo, wote wawili.

Haya, mke wangu. Waambie unataka nini. Polepole... nami nisikie.