Vidole Vinne vya Tahadhari

Jamaa aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa amepakata mfuko wa pleti za klachi zilizoungua, anazipeleka dukani akatafute za kufanana nazo. Harufu ya mfuko huo ilitufikia wote, kwa hiyo hakuwa na budi kujieleza. Aliyekaa naye alikuwa mama mshonaji, futi ya kupimia ingali shingoni.

“Ni pikipiki ya marehemu baba,” jamaa alisema. “Nikipanda mlima injini inanguruma, yenyewe haisogei. Nimeshabadilisha pleti mara mbili tangu niirithi. Mke wangu kasema nikinunua mpya nazo zikaungua, tunaiuza.”

“Na baba yako alibadilisha mara ngapi?”

“Hata mara moja. Lakini mama, zamani vipuri vilikuwa vipuri!”

“Labda waya wa klachi umekazwa mno.”

“Fundi kaukagua, hauna shida.”

Mama aliutazama mkono wa kushoto wa jamaa. Nami nikautazama. Ulikuwa umeshika chuma cha kiti cha mbele, vidole vinne vimekibana nusunusu tangu tutoke kituoni.

“Mwanangu, ukiwa barabarani, mkono huo unauweka wapi?”

“Hapohapo kwenye klachi. Tahadhari.”

“Basi unaibana nusunusu safari nzima, pleti zinasuguana bila kushikana, ndiyo maana zinaungua.”

“Unanionea, mama! Mimi mkono wangu mwepesi kama...”

Dereva akafunga breki. Jamaa akakikamua kile chuma kwa nguvu zake zote, na basi likasimama.

“Umefika, baba,” mama alimwambia. “Achia polepole, usije ukatuzimishia gari.”