Jebadurai Vedamanikam, Aliyetembea Kinyumenyume Mbele ya Gari la Sikukuu

Ndugu na majirani, mlioketi na mliosimama juani, poleni na asanteni kwa kuja kwenye kumbukumbu hii. Haya ndiyo maisha ya ndugu yetu.

Jebadurai alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957 hapa hapa Keezhapuram, wilaya ya Tirunelveli, mtoto wa tatu wa fundi viatu Vedamanikam na Mama Annammal.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, na mwalimu alilalamika kwamba macho yake yalikuwa dirishani zaidi kuliko ubaoni. Mwaka 1972 alikwenda Tirunelveli mjini kujifunza upigaji picha, akianza kwa kufagia studio. Mwaka 1982 akarudi kufungua studio yake.

Tarehe 14 Mei 1984 alifunga ndoa na Kanagamani. Mpiga picha aliyeitwa alikosa basi, basi bwana harusi akavua shada lake la maua, akaenda kuchukua kamera. Ndiyo sababu katika picha zile bibi harusi yuko peke yake, anacheka. Baba mkwe akasema, "Haya, binti yangu nimemwoza kwa kamera." Mungu akawajalia binti, Jemima.

Kazi aliyoipenda ilikuwa ya barabarani na ya sikukuu, na zaidi ya yote gari la hekalu la Wahindu, lile la mbao linalozidi nyumba zetu kwa urefu, likivutwa kwa kamba na mamia ya watu kuzunguka mitaa minne. Mchungaji aliwahi kumwuliza, "Ndugu, wewe mzee wa kanisa, unatafuta nini kwenye gari la wale?" Akajibu, "Nyuso, Mchungaji. Za wajomba zako nimeshazimaliza kwenye harusi."

Ili azipate nyuso za wavutaji, alitembea kinyumenyume mbele ya gari. Kanagamani alimpa mgongo, akatembea kuelekea mbele, mkono mmoja nyuma umeshika mkanda wake, akimwambia pa kukanyaga. Kwa kuwa walipeana migongo, kushoto kwa mmoja kulikuwa kulia kwa mwenzake. Basi wakakubaliana wasitamke kushoto wala kulia. Gari huzunguka hekalu, na hekalu huwa upande ule ule siku zote. Kwa hiyo alisema "hekaluni" kwa upande huo, au "nyumbani" kwa upande wa nyumba za watu, basi. Kila sikukuu ilipokaribia Kanagamani alikosa hamu ya kula. Alikuwa akisali huku akipika, akiyarudia maneno hayo mawili asije akayakosea. Miaka thelathini na minane hakuyakosea.

Tarehe 2 Julai mwaka jana gari liliyumba ghafla. Kanagamani akaingiwa na hofu, akapiga kelele, "Kushoto!" Jebadurai hakusogea. Kabari ya mti iliyotupwa chini ya gurudumu kulizuia ikateleza, ikamponda mguu. Naye alikuwa na sukari. Kidonda kikakataa kupona.

Miezi mitatu Kanagamani alikiosha kidonda kile asubuhi na jioni, na kila alipokiosha alilisikia lile neno lake. Kisimani watu walinyamaza akifika. Mwingine akasema wazi, "Masikini, kauawa na kushoto ya mkewe." Akaanza kukaa kiti cha nyuma kanisani.

Siku moja hospitalini akajipa moyo. "Baba Jemima, ulinisikia siku ile?"

"Nilikusikia. Kushoto kwako. Nyumbani."

"Sasa mbona hukwenda?"

"Esakkimuthu alikuwa anatupa kabari. Ule uso nimeutafuta miaka, mama."

"Unanidanganya nisilie."

"Lia tu, lakini sidanganyi."

Kanagamani hakuamini. Alimjua mumewe, mtu wa kumfariji hata mgonjwa aliyeambiwa hana siku. Jebadurai alituacha tarehe 19 Oktoba mwaka huo huo, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono, bado hajaliamini jibu lile.

Juzi Jemima alifungua kamera kutafuta picha ya kuweka kwenye kijitabu hiki. Akakuta picha saba za mwisho. Zote ni za Esakkimuthu, mweka kabari, uso wazi kabisa, mdomo umefunguka. Nguzo ya taa ipo pembeni, mahali pale pale katika zote saba. Mtu aliyesikia vibaya angesogea upande mbaya, na nguzo ingehama. Hakusogea hata hatua.

Esakkimuthu akaitwa. Akaziangalia, akajifuta macho kwa kitambaa cha begani. "Dada, hapo nilikuwa nampigia kelele, 'Toka, wewe mzee kichaa!' Mara tatu. Alinicheka."

Kanagamani akaitazama ile picha ya saba. "Mkaidi wee," akasema. "Mkaidi mkubwa wee!" Akalia kwa hasira, kilio ambacho hakuwa amekilia tangu Julai ile. Kisha akaomba uji wa mchele, akamaliza bakuli. Ni yeye aliyetaka haya yasomwe mbele yenu wote, na leo ameketi kiti cha mbele.

Marehemu ameacha mjane, Kanagamani, binti, Jemima, na mumewe Arulselvan, wajukuu wawili, na dada yake, Ratnabai, anayewasomea.

Bwana ampumzishe Jebadurai. Na mke wake naye, tafadhali ndugu zangu, mwacheni apumzike.