Kaimu kwa Miaka Tisa: Maisha ya Bibi Hayati Allaoui

Ndugu zetu wa Mutsamudu, na ninyi mliovuka kutoka Moroni kuja kwenye khitma hii, familia inaomba mtulie msikilize maisha ya Bibi Hayati Allaoui, na anayedhani neno hayati tumemwongezea jana ajue kwamba ndilo jina alilopewa na baba yake alipozaliwa Itsandra, tarehe 9 Aprili 1938, akiwa binti pekee wa nyumba ile.

Alisoma Kurani chuoni kwa maalimu wa Itsandra, kisha shule ya Moroni, akamalizia masomo ya ukarani Antananarivo mwaka 1958, akarudi kufanya kazi serikalini, na tarehe 12 Agosti 1961 akaolewa na mwalimu Tadjidine Mouzaoir wa hapa Mutsamudu, wakajaliwa Roukaya na Inzoudine, ambao mnawaona wamekaa pale mbele.

Mwaka 1969 aliajiriwa na kampuni ya kupakua mizigo bandarini, ofisi ya utumishi, na Mei 1978, askari wa kukodiwa walipoingia nchini na mkuu wake akapanda meli asirudi, aliambiwa akaimu wiki chache tu, mama, mpaka mambo yatulie. Mambo yalitulia, yeye akabaki kaimu. Wakaletwa wakuu watatu mmoja baada ya mwingine, wote wageni, wote marafiki wa wale askari, wa kwanza akiuliza kwa nini makuli wanatoweka Ijumaa adhuhuri, naye Hayati akawafundisha kazi mmoja mmoja, wakachoka na joto, wakaondoka, kiti kikamrudia, cheo hakikumrudia.

Makuli nao walikuwa wakikimbilia Majunga na Marseille, na wakubwa wakasema watu wa visiwa hivi ni wavivu. Hayati hakubishana nao, alikwenda majumbani kuuliza, akambadilishia zamu mwenye msiba, akamtunzia nafasi kila aliyekwenda Ngazidja kufanya harusi yake kubwa, na kuli aliyetimiza mwaka akamwandika mtumishi wa kudumu, hata waliokwisha kuondoka wakaanza kurudi. Hivyo aliyethibitisha watu kazini miaka yote hakuthibitishwa yeye.

Mwaka 1984 mkurugenzi aliuliza kikaoni kwa nini watu hawakai, na Hayati akamjibu kwamba kwao Ngazidja mwanamume asiyefanya harusi kubwa huitwa mtoto hata akiwa na wajukuu, lakini angalau huambiwa afanye nini ili akue, ilhali hapa mtu anaitwa wa muda na hakuna anayemwambia muda huo unaisha lini. Mkurugenzi akacheka, akasema subira huvuta heri, mama, naye akasema ameivuta mpaka kamba imekatika. Ofisi za Moroni zilimwita mara mbili kwa cheo kamili, akakataa, kwa sababu alijua siku atakayotoka yeye ndiyo siku makuli wake watakayorudishwa kuwa wa muda.

Novemba 1986 aliugua figo, akalazwa hospitali ya Hombo, na kila kuli aliyekwenda kumtazama alimuuliza jambo moja, je, wamekuthibitisha kwenye kazi yako? Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Februari 1987, akazikwa siku hiyohiyo, jeneza likibebwa na makuli, ambao hawakumpa mtu mwingine zamu.

Asubuhi ya leo mjumbe wa kampuni amefika mlangoni kutuomba tumsome kama Mkuu wa Utumishi, maana jana wamemthibitisha. Bwana mjumbe, karibu, wali wetu ule ushibe, lakini cheo hicho rudi nacho, ukampe kuli aliye hai, maana sisi tunamsoma kaimu, kama mlivyomwita alipokuwa akisikia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Hombo, majirani waliopika bila kuombwa, na makuli wote wa bandari, walioko na waliorudi.

Pumzika kwa amani, Hayati wetu, hapo ulipo humshikii mtu nafasi.