Aliyesema Seli Si za Ini

Dada yetu, ambaye kazini walimwita Bi Lebo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu wa mwashi na mshonaji.

Alimaliza sekondari mwaka 1976, akasomea ufundi wa maabara. Mwalimu wa biolojia aliwahi kumtoa darasani kwa kusahihisha mchoro ubaoni. Alitoka. Kosa lilibaki ubaoni.

Mwaka 1980 aliajiriwa na maabara ya vinasaba ya chuo kikuu, akawa mtunza seli. Jina la Lebo lilitokana na kutogusa kwake chupa isiyoandikwa jina na tarehe. Mwaka 1991 profesa wake alichapisha makala kuhusu seli za saratani ya ini, akatuzwa, akavishwa kilemba cha ukoka na kila mwenye uchu wa cheo. Bi Lebo alizipima seli zile mara tatu. Zilikuwa za shingo ya kizazi. Ziliingia chupani kwa uzembe, zikazaana, zikazimaliza za ini. Alimpelekea profesa majibu.

“Kazi yako ni kuosha chupa, mama.”

“Ndiyo maana najua zilivyokuwa chafu, Profesa.”

Alihamishiwa chumba cha kuoshea vyombo. Wasomi waliojua ukweli walipishana naye wakitazama viatu vyao. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ya miaka saba. Aliliandikia jarida lililochapisha makala ile barua kumi na moja. Tarehe 2 Oktoba 1998 walichapisha masahihisho: mistari minne, chini kabisa ya ukurasa, yakimshukuru “mtumishi mmoja”. Dawa iliyotengenezwa kwa kuamini makala ile ilisitishwa kabla ya kumfikia mgonjwa. Siku hiyo alimpigia mumewe simu, akamwambia atawahi kurudi.

Yeye na mume huyo, fundi saa, walioana mwaka 1984. Barua yake ya posa iliandikwa tarehe 31 Juni. Bi Lebo aliirudisha tarehe ikiwa imesahihishwa, na chini yake: “Nimekubali.”

Februari mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Wodini alikuta faili lake limekosewa kundi la damu. Daktari kijana alishukuru, akarekebisha palepale. “Mmeona?” alituambia. “Dakika mbili tu, wala hajapungua kitu.” Alifariki tarehe 14 Agosti mwaka huu, saa tatu asubuhi, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na sisi ndugu zake. Profesa ametuma shada la maua, na kadi inayomwita “mwenzetu mpendwa”. Tumeliacha getini.

Apumzike dada yetu kwa amani ambayo wasomi walimnyima.